Matumizi Hayaruhusiwi

Kabati halikupandisha sauti. Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote. Kwenye picha ya kamera ya wodi, mkunga Subilaga anakisogeza kipande chake cha utambulisho kwenye jicho la kabati la damu kwa mara ya nne, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, na kabati linamjibu kwa upole uleule wa mara ya kwanza: "Cheti ni halali. Matumizi hayaruhusiwi."

Nyuma yake kitandani amelala Twisege, mchuma chai wa miaka ishirini na minne. Amejifungua robo saa iliyopita na damu haikatiki. Mtoto analia mahali ambapo kamera haifiki. Mkunga anajaribu mara ya tano, kabati linasema yaleyale, kisha anatoka kwenye picha akikimbia. Anaporudi ana shoka la kuni.

"Simamisha hapo," alisema Kasebele, Mkurugenzi wa Mamlaka ya afya ya wilaya. "Umeliona shoka?"

"Nimeliona."

"Kabati la serikali, Atuganile. Jipya. Na pakiti nane alizoziacha ndani zikaharibika."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Mimi nilikuwa sijamaliza. Video ile nilikuwa nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilimtazama mkunga. Mara ya pili nililisikiliza kabati, kwa sababu maneno yale matano niliyaandika mimi.

"Twisege yu hai?" niliuliza.

"Yu hai, na mtoto wake pia. Lakini hilo si suala lililoko mezani."

Suala lililoko mezani lilikuwa taarifa ya kurasa mbili. Niliisoma nimesimama. Ilisema mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa, na kwamba hasara yote imesababishwa na mtumishi Subilaga, mkunga wa kituo cha afya cha Lupalo. Mwisho kabisa iliomba afutwe. Chini kulikuwa na nafasi ya saini ya Mwandishi wa Vikomo wa Wilaya, yaani mimi, ninayeandika kila cheti kinaruhusiwa kufanya nini.

Mtu aliyefutwa hapelekwi jela. Anaachwa nje tu. Kipande chake kinakufa shingoni, na kuanzia hapo kila mlango unamkataa: basi, bomba la mtaa, duka la dawa, hata kitasa cha nyumba yake mwenyewe kama ni nyumba ya kazi. Subilaga alikuwa na miaka hamsini na saba. Kwa thelathini na moja kati ya hiyo amewapokea watoto wa Lupalo.

"Nisiposaini?" niliuliza.

"Sheria inataka aliyeandika kikomo ndiye athibitishe. Ukikataa, nateua kaimu. Inanichukua siku tatu. Leo ni siku ya ishirini na sita tangu shauri lifunguliwe, Baraza la nidhamu linakaa siku ya thelathini, na siku ya thelathini saa kumi jioni shauri lolote ambalo halijathibitishwa linakufa. Nina muda wa kutosha, bibie. Wewe ndiye huna. Kaimu akishasaini, atataka kubaki kwenye kiti chako."

Nilimwambia nitasaini siku ya ishirini na nane. Alitabasamu. Nilitamani nimtupie ile miwani dirishani.

*

Kesho yake nilipanda Lupalo. Mvua ilikuwa inanyesha kama inavyonyesha kule karibu mwaka mzima, bila ngurumo na bila haraka. Nilimkuta Subilaga nyuma ya nyumba ya watumishi, chini ya upenu, anamenya ndizi za kupika. Walishamsimamisha kazi. Aliponiona hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuangalia shoka au umekuja kula?"

Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Aliendelea kumenya, na kila ganda lilitua kwenye beseni kwa kishindo.

"Siku ile ya ukaguzi ulikula ndizi zangu," alisema. "Ukanywa na maziwa yangu ya mgando, ukayasifu. Nikakushika mkono, nikakupeleka nyuma ya mlango wa wodi, nikakuonyesha kipande cha Dakta. Nilikuonyesha mimi mwenyewe, mwanangu. Sikukificha."

Ni kweli. Dakta Mwakalobo alikuwa daktari wa mwisho kukubali kuishi Lupalo. Alipofariki, cheti chake kilikuwa bado na matumizi mapana: damu, dawa kali, gari la wagonjwa, barua za rufaa. Mamlaka haikumleta mwingine. Wakunga na wauguzi wakakifunga kipande chake kwenye uzi mwekundu wa sufi, wakakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na kwa miaka miwili kila aliyekihitaji alikichukua. Kule watu huazimana kila kitu, chumvi, jembe, hata mbeleko ya mtoto, na hawakuona kwa nini kipande kiwe tofauti.

Lakini walikuwa na utaratibu wao. Aliyekichukua alipaswa kupaza sauti wodi nzima isikie: "Nimemchukua Dakta!" Akikirudisha, anasema tena: "Dakta amerudi!" Wagonjwa nao walikuwa wanaitikia. Siku ya ukaguzi wangu bibi mmoja aliyelazwa kwa malaria aliitikia kwa nguvu mpaka nikacheka.

Nilicheka, kisha nikatoa mashine yangu begini nikakifuta kile kipande palepale. Cheti cha marehemu kinachotumiwa na watu kumi na mmoja! Niliandika ripoti ndefu, nikapongezwa, nikapewa kikombe chenye nembo ya Mamlaka. Wao nikawaahidi cheti chao cha damu ndani ya wiki mbili.

"Siku sabini na nne," alisema Subilaga. "Nilizihesabu. Kila asubuhi naingia wodini naliambia kabati, haya, leo unanifahamu? Halinifahamu."

"Niliomba, mama. Walirudisha maombi, wakasema kundi la wakunga halina matumizi ya damu. Nikaomba tena."

"Halafu?"

"Halafu nikasahau."

Alisimamisha kisu. Sijui nilitegemea nini. Pengine nilitaka anitukane, maana tusi lingenipa pa kushika.

"Umesahau," alisema polepole. "Mimi nimesimama na mtu anakwisha mbele yangu, damu iko hatua mbili, naiona kwenye kioo, na ile takataka inaniambia mimi ni halali. Halali! Afadhali lingesema mimi ni mwizi, ningeelewa."

Nilimweleza habari za baba yangu. Sikuwa nimepanga kumweleza. Miaka sita iliyopita mtu aliiba cheti cha mkuu wa bohari ya dawa, cheti kimoja kilichofungua kila kitu, akasafisha vituo saba vya afya bila mtu kusikia. Baba alikuwa na saratani ya mifupa. Wiki zake tatu za mwisho hazikuwa na hata kidonge kimoja cha maumivu wilaya nzima, na nilimsikia kila siku. Baada ya mazishi niliomba kazi Mamlaka. Nikaandika vikomo: kila cheti na kazi yake, na kabati lolote likiletewa cheti cha kazi nyingine, likatae. Niliamini kwamba ninamlinda mtoto wa mtu mwingine asisikie nilichosikia mimi.

Subilaga alinisikiliza mpaka mwisho. Akanisogezea beseni na kisu cha pili, nami nikaanza kumenya.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Nakupa pole ya kweli. Lakini baba yako aliuawa na mwizi aliyefanya kimya. Sisi hapa tulikuwa tunapiga kelele."

*

Kuna jambo moja kuhusu vyeti ambalo watu wengi hawalijui, na Mkurugenzi Kasebele, kwa miaka yake yote kwenye kile kiti, alikuwa mmoja wao.

Watu hudhani kikomo kimo ndani ya ufunguo, yaani ile namba ya siri iliyo kwenye kipande, kwamba ufunguo wa kazi moja hauwezi kufanya kazi nyingine. Si hivyo. Ufunguo ni hesabu tu. Ukiupa chochote usaini, utasaini, na saini itakuwa safi. Matumizi yameandikwa pembeni, kwenye cheti: hiki ni cha kutambulisha mtu, hiki ni cha kusaini nyaraka, hiki ni cha kuandikia vikomo. Anayeamua kama maandishi hayo yana maana ni yule anayekagua. Kikomo kinakaa kwenye jicho la mkaguzi.

Nilikuwa nimelifundisha hilo darasani mara nyingi, kwa vijana wapya, na michoro ubaoni. Lakini niliporudi kutoka Lupalo, nimelowa na mikono inanata utomvu wa ndizi, ndipo lilipoanza kuniuma. Kabati la Lupalo lilikisoma cheti cha Subilaga. Lilijua ni nani, lilijua ni mkunga na kwamba yuko zamu. Baada ya kujua yote hayo lilikuwa na njia mbili. Lingeweza kukataa, au lingeweza kufungua na kupiga kelele mpaka wilayani wasikie. Zote mbili zingemzuia mwizi wa kimya. Halikuchagua lenyewe. Kwenye mstari wa mia moja na kumi na mbili wa kanuni zake kuna neno "kataa", na neno hilo niliandika mimi, nimekaa kwenye kiti kinachozunguka, nakunywa chai.

Kwa hiyo ile sentensi ya Kasebele, kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa, ilikuwa kweli tupu. Ndiyo maana ilinitia wazimu. Mtu wa kushtakiwa alikuwa yule aliyekusudia.

Ningeweza kufanya jambo jingine, na nitalisema kwa sababu nililifikiria usiku kucha. Ufunguo wangu ungeweza kumwandikia Subilaga cheti cha damu chenye tarehe ya nyuma, kana kwamba alikuwa nacho siku ile. Kazi ya dakika mbili. Angetoka mzima. Lakini siku saini yangu itakapodanganya kuhusu tarehe moja, hakuna cheti wilayani kitakachoaminika tena, na mwizi anayefuata atafanya kazi yake kwa raha. Nilimzika baba kwa sababu ya uongo wa namna hiyo. Sikuweza.

Siku ya ishirini na nane niliingia ofisini kwa Kasebele. Kipande changu kina vyeti viwili. Kimoja ni cha kusaini nyaraka, ambacho hakuna taarifa inayothibitishwa bila hicho. Kingine ni cha kuandikia vikomo, na kazi yake ni hiyo tu. Nilibonyeza cha pili. Taarifa ikapigwa muhuri wa kijani, jina langu likatokea kwa herufi nzuri, na Kasebele akaitazama kama mtu anavyotazama picha ya harusi yake.

Hakufungua kuona kilichoandikwa pembeni. Mtu mwenye watu wa kumkagulia huwa hakagui.

"Umefanya la busara," alisema.

Nilikichukua kipande changu nikatoka.

*

Baraza lilikaa saa nane mchana. Wajumbe walikuwa watatu, na mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mmoja mkavu aliyeitwa Ndimbumi, ambaye kila alipotaka watu wanyamaze aligonga meza kwa kijiko cha chai. Subilaga alikaa peke yake kwenye benchi la mbele, amevaa gauni lake jeupe la kazi ingawa alishakatazwa kulivaa. Hakunitazama.

Kasebele alizungumza saa nzima na zaidi. Aliitaja imani ya wananchi mara kumi na mbili. Alionyesha video, lakini aliianzia kwenye shoka. Subilaga alipopewa nafasi alisimama akasema, "Mtu alikuwa anakufa, nikavunja. Kesho akifa mwingine, nitavunja tena." Akakaa. Ikawa saa tisa na nusu.

"Taarifa ya mwandishi wa kikomo," alisema mwenyekiti. "Iwekwe."

Karani aliiweka kwenye jicho la mashine ya Baraza. Mashine ile ilinunuliwa kwa mtu yuleyule aliyeuza makabati, na ina sauti ileile, laini, ya mwanamke ambaye hajawahi kugombana na mtu.

"Saini ni halali," ilisema. "Matumizi hayaruhusiwi."

Subilaga aliinua kichwa.

Karani aliitoa taarifa akaifuta kwa kiganja, akairudisha. Mashine ikarudia. Akajaribu mara ya tatu, akirekebisha pembe, na mwenyekiti akamkodolea macho. "Inasemaje hiyo?"

"Inasema ni halali, mheshimiwa. Lakini hairuhusiwi."

"Kitu kimoja kinakuwaje halali na hakiruhusiwi?"

"Hilo ndilo swali lake, mheshimiwa," nilisema kutoka nyuma. Nilikuwa nimeshasimama. "Mkunga Subilaga aliliuliza kabati mara tano."

Kasebele aligeuka. "Amekosea cheti tu. Atasaini upya sasa hivi, ni sekunde moja. Atuganile!"

"Sikukosea. Nilisaini kwa cheti cha kuandikia vikomo makusudi, ili siku zako tatu za kuteua kaimu zipite. Na sisaini tena."

Ukumbi ulilipuka. Kijiko kiligonga meza mpaka kikapinda. Mwenyekiti alininyooshea kidole.

"Unajua unachokifanya? Umelidanganya Baraza."

"Nimemdanganya Mkurugenzi, mheshimiwa, na hilo nalikiri. Baraza sijalidanganya. Saini yangu imesema kweli kwa wa kwanza aliyeikagua." "Naomba iandikwe. Mstari wa mia moja na kumi na mbili wa kanuni za makabati unasema kataa. Niliuandika mimi. Nilifuta kipande walichokuwa wanatumia Lupalo, nikawaahidi kingine, nikasahau. Hakuna mfumo uliofanya hivyo. Mfumo hauna mikono! Mimi ninayo, na huyu bwana anayo, na mnataka kumfuta mama aliyetumia ya kwake kuokoa mtu!"

Mwenyekiti alitazama saa ya ukutani, iliyokuwa inakaribia kumi kasoro ishirini.

"Shauri litakufa saa kumi, kwa sheria," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemeza kitu kichungu. "Mkunga anarudi kazini. Wewe, binti, kipande chako kinafutwa saa hiyohiyo. Umetumia cheti nje ya kazi yake, na adhabu yake unaijua."

"Naijua. Niliiandika mimi."

Nilidhani Subilaga angalau atanitikisia kichwa. Alisimama, akachukua mkoba wake, akaja mpaka mbele yangu. Alikuwa na hasira kuliko siku ile ya ndizi.

"Kabati jipya limefika jana," alisema. "Leo asubuhi nimechungulia dirishani, mwenzangu analijaribu. Linasema yaleyale. Umeniokoa mimi, nirudi nikafanye nini? Nikanoe shoka?"

Maneno hayo yalinipiga kuliko hukumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa adhabu yangu, nikaisahau kazi yangu. Mara ya pili!

Zilibaki dakika kumi na tano. Nilimpita Kasebele nikaenda moja kwa moja kwenye mashine ya karani. Karani akataka kunizuia, akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa ghafla anahangaika sana kunyoosha kijiko chake. Nilifungua kanuni za makabati ya wilaya. Vituo thelathini na viwili. Nikashuka mpaka mstari wa mia moja na kumi na mbili.

"Usithubutu," alisema Kasebele. "Kuirudisha ilivyokuwa kutachukua siku thelathini kisheria!"

"Najua."

Nilifuta neno "kataa". Mahali pake nikaandika kwamba mtumishi wa afya aliye zamu, mwenye cheti halali, afunguliwe. Kisha kabati lipaze sauti kituo kizima kisikie na wilaya isikie, litaje jina lake na alichochukua, na lisinyamaze mpaka mtu wa pili aitikie. Vidole vilikuwa vinakosea herufi kwa hasira, nikarudia mara mbili. Kisha nikabonyeza cheti kilekile, cha kuandikia vikomo, na safari hii kwa kazi yake.

Mashine ilifikiri kidogo.

"Cheti ni halali," ilisema kwa ile sauti yake laini. "Matumizi yanaruhusiwa."

*

Saa kumi kamili kipande changu kilikufa. Hakikutoa mlio wowote, taa yake ndogo tu ilizimika kifuani. Watu walikuwa wanatoka, kila mmoja akisogeza kipande chake kwenye jicho la mlango, kila mmoja akinikwepa. Niliposogea mimi, mlango ulijifunga mbele ya pua yangu. Nilijaribu tena, kijinga, huku najua.

Nilisimama pale nikiwatazama kupitia kioo wakishuka ngazi, Kasebele mbele, simu sikioni, tayari anatafuta wa kumbebesha lawama. Hasira yangu haikuwa imepungua hata chembe. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, na nisingeweza kutoka kwenye jengo wala kuingia kwangu.

Mlango ulifunguka. Subilaga alikuwa amerudi, amekishikilia kipande chake kwenye jicho la nje kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine, mguu umezuia mlango usijifunge. Mlinzi alianza kumwambia kwamba cheti kimoja ni mtu mmoja. Subilaga hakumgeukia. Alijaza kifua hewa, akapaza sauti jengo zima likasikia:

"Nimemchukua Atuganile!"

Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida, ya mtu mwenye haraka kwa sababu kuna mama Lupalo ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimetimia, "Pita, mwanangu. Mvua inakuja."